Mawe Niliyoyageuza

Mwaka 1994 nilikuwa na miaka tisa, na bibi akanichukua pwani kwa mara ya kwanza. Kwetu Jambiani, Unguja, kwenda pwani si kutembea mchangani. Ni kuyafuata maji yakishapwa, kutafuta kitoweo. Lilikuwa bamvua la mwezi mpevu, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukipevuka, kwa kuwa siku hizo jua na mwezi huivuta bahari kwa mstari mmoja. Kiasi cha saa nne asubuhi maji yameshakwenda mbali, na mwamba usiouona siku za maji mafu, yasipopwa sana, unauendea kwa miguu.

Tulipita mashamba ya mwani, wanawake wameinama wakifunga taitai, vikamba vya kushikia mwani, tukafika penye mawe. Bibi na mchokoo wake, kijiti cha kuchokolea, akatafuta mapango ya pweza. Pango lenye mwenyewe hujulikana kwa maganda ya kaa na kombe mlangoni, maana pweza akishakula hutupa maganda nje. Mimi nilipewa kikapu niokote kome.

Jiwe la kwanza nililigeuza kwa mikono miwili. Sijasahau nilichokiona: kaa mdogo mwenye mayai tumboni, vinyota vya mikono myembamba kama nyuzi vikikimbilia kivulini, na kitu laini cha rangi ya chungwa kilichotandaa juu ya jiwe, kinachuruzika maji. Maji ya kifuu bahari ya chungu; kwa kaa yule, uvungu ule ndio ulikuwa mji mzima. Nikaokota kome wawili, nikaliacha jiwe lilivyo, nikageuza jingine. Na jingine.

Wiki mbili baadaye, bamvua la mwezi mwandamo, bibi alinipeleka moja kwa moja kwenye mawe yangu. Yalikuwa yamelala vilevile nilivyoyaacha. Ile rangi ya chungwa ilikuwa utando mkavu mweupe, niliugusa ukapukutika. Bibi akaligeuza jiwe. Majani ya kijani yaliyokuwa juu yake zamani yameoza, yananuka. Waliozoea kivuli niliwaanika juani, na kilichoishi kwa jua nikakifukia gizani.

Bibi hakunigombeza.

"Siku ile ulipata kome wangapi, mjukuu wangu?"

"Kumi na mmoja, bibi."

"Na mawe uligeuza mangapi?"

Sikujua.

Siku hiyo hatukutafuta kitoweo. Tuliyatafuta mawe, moja baada ya jingine, bibi akinionyesha namna ya kulilaza taratibu ili lisimponde aliyebaki chini. Tuliendelea mpaka maji yakaanza kuingia mkondoni, nyuma yetu, upande wa nyumbani. Bibi akapandisha kanga, akanishika mkono. Nilikuwa nimehesabu mawe 43. Mengine nilikuwa nayaona kwa macho, tumbo juu, maji yakiyafunika.