Baada ya mashindano, tulianza na benchi

Tulirudi Mwanza tukiwa wa nne, na mapokezi hayakuwa haba: picha, soda, ahadi. Mimi ni nahodha wa timu ya soka ya wenye ulemavu, sisi tunaocheza kwa magongo. Ahadi nilizisikia, lakini kichwani lilikuwa linazunguka jambo moja tu: mechi zote tulizofungwa, mabao yaliingia kipindi cha pili.

Kwa asiyeujua mchezo wetu, tunaingia saba kila upande. Sita wana mguu mmoja na wanacheza bila mguu bandia. Kipa ana ulemavu wa mkono na haruhusiwi kutoka kwenye eneo lake. Vipindi ni viwili vya dakika 25, hakuna kuotea, na kubadilisha wachezaji ni ruksa utakavyo. Ukigusa mpira kwa gongo makusudi, umeunawa. Watu hudhani tunachoka mguu, kumbe kinachokufa ni mabega na viganja. Dakika ya 40 mpira unauona ule pale, mguu uko tayari, mikono imegoma. Waliotutoa walikuwa wanabadilisha watu hadi basi. Benchi letu lilikuwa na wawili, mmoja viganja vimejaa malengelenge.

Kwa hiyo viongozi walipotaja kambi ya mashindano yajayo, nilipinga. Kambi inawanoa waliopo, haileti mtu mpya. Mzee wetu mmoja akaniuliza, "Sasa nahodha, watu wa mguu mmoja utawaokota wapi?" Wapo, tena wengi, ajali za bodaboda na kisukari havijapumzika. Ila wengi wako ndani, huruma ya familia imewafungia. Niliwaachia namba yangu mafundi wa miguu bandia na wauguzi, mwenye hamu anipigie mwenyewe. Nikifika nyumbani kwa mtu, mama yake ananitazama kama mwizi. Hapo natoa simu, nawawekea video za Tembo Warriors, timu yetu ya taifa ya mchezo huu, wakicheza Kombe la Dunia Istanbul mwaka 2022. Baada ya hapo chai inaletwa.

Kipa wa pili nilimkuta Mwaloni Kirumba kwenye dagaa. Mtu alimrushia bunda la kamba kutoka juu ya lori, akalidaka kwa mkono wake mmoja huku anaongea na mteja.

"Mdogo wangu, umewahi kukaa golini?"

"Mimi, kaka? Na mkono huu?"

"Huo huo ndio tunaoutafuta."

Wapya hatukuwapa mpira kwanza. Tuliwapeleka mchangani, kando ya ziwa, wajifunze kuanguka. Unayasukuma magongo pembeni, unakunja kiwiko, unapokea ardhi kwa bega kisha unabiringika. Ukitanguliza kiganja, kifundo kimekwenda. Mchangani wanacheka. Nyasi bandia za uwanja wa Nyamagana ndizo hazina utani, zinachubua, na saa nane mchana, jua likiwaka, zinaunguza kabisa.

Kilichotusumbua kuliko vyote ni raba za chini ya magongo. Za dukani zimetengenezwa kwa mtu anayetembea, siyo anayekimbia na kufunga breki. Zikilika, chuma kinatokeza, unateleza na uwanja wa watu unauchana. Fundi wa katambuga akatukatia za tairi. Ni nzito kidogo, lakini zinakaa. Kila Jumamosi tunachanga tulichonacho, na fedha hiyo ni ya raba na nauli za wapya tu. Jezi mpya zitasubiri, hata kama zinapendeza kwenye picha.

Sasa tumealikwa bonanza Musoma. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba kipindi cha kwanza wanaanza wapya na sisi wakongwe tunakaa benchi. Kocha amenuna, anasema tutafungwa nyingi. Inawezekana. Golini anaanza yule wa Mwaloni, na jina lake nimeshaliandika.