Siku moja na mkokoteni wangu wa barafu

Saa kumi alfajiri niko mlangoni mwa kiwanda cha barafu. Mabonge manane leo. Nayavika magunia yaliyolowa, juu turubali, kisha nashika njia ya Mji wa Kale. Kila tone linalodondoka njiani ni hasara yangu, si ya kiwanda.

Saa kumi na mbili na nusu wavuvi wameshanuna kwa kungoja. Nyundo, vipande, masanduku ya changu na tasi. Kufika saa tatu limebaki bonge moja, nami naketi kwa mahamri na mbaazi.

Saa tano akaja binti yangu, shule zimefungwa. "Baba, eti barafu ya ncha ya kaskazini ikiyeyuka yote, Mombasa itazama?"

Muuza kahawa akadakia: "Itazama, hilo halina mjadala."

Biashara ikasimama hapo hapo. Nilitafuta makarai mawili, nikapima kwa mizani ya samaki vipande viwili vya uzito mmoja. Kimoja nikakitia majini kielee. Cha pili nikakiweka juu ya jiwe ndani ya karai la pili, kisiguse maji. Alama ya makaa kila karai, pale maji yalipofika. Muuza kahawa akaweka dau la kikombe kimoja.

Kule kaskazini, nikamwambia binti, chini ni bahari. Maji ya chumvi huganda kwenye takriban nyuzi 1.8 chini ya sifuri, na ganda lenyewe ni la mita chache tu. Hutanuka hadi Machi, hunywea hadi Septemba. Septemba 2012 zilibaki kama kilomita za mraba milioni 3.4. Limeshaelea, nafasi yake majini limeshaichukua. La kuogopa ni lile lililolalia nchi kavu: theluji iliyoshindiliwa kwa maelfu ya miaka, na huko Antaktika, ncha ya kusini, pana mahali unene unakaribia kilomita 5. La kisiwa cha Greenland, kule kaskazini, likiisha lote, bahari hupanda kama mita 7. La Antaktika, kama 58. Ni kazi ya karne nyingi, lakini bamvua letu, maji makuu ya mwezi mwandamo na mpevu, hupanda mita tatu na ushei kisha likarudi. Hilo halirudi.

Saa saba tukachungulia. Karai la kwanza, maji palepale kwenye alama. La pili yamepita vidole viwili.

"Jiwe lako limevimba," akasema muuza kahawa.

Saa kumi na moja jioni nikampitia na mkokoteni mtupu. Kahawa, asema, imekwisha.