Salem ama Deep River? Nshaamua, na sababu ni pembe

Viza ishatoka, tiketi ishalipwa, mwezi wa kumi inshallah ntakuwa kwa mdogo wangu karibu na Boston, Marekani. Yeye ni nesi, ofu zake ni za kuhesabu, amepata siku mbili tu zinazofuatana, kwa hivyo tuna usiku mmoja wa kutoka nje ya mji mie na yeye na wanawe wawili, na wiki nzima tunavutana kwa WhatsApp: yeye anataka Salem, mie nataka Deep River kule jimbo la Connecticut.

Najua kwa nini anaitaka Salem. Ni karibu, treni kutoka Boston kama nusu saa ushafika, bahari iko, majumba ya zamani yako. Lakini mwezi wa kumi mji ule hujaa watu pomoni wamevaa kofia za wachawi, ndo sherehe yao kubwa ya mwaka, na hapo ndo mie nakwama. Mwaka 1692 watu 19 walinyongwa pale kwa kuitwa wachawi, wengi wao wanawake, na mzee mmoja wa miaka zaidi ya 80, Giles Corey, alirundikiwa mawe kifuani mpaka akafa kwa sababu hakukubali kujibu shtaka. Sasa mie nimetoka Mombasa, hapo Kilifi tu jirani zetu wazee wanauliwa mpaka leo kwa sababu wana mvi na wana shamba, wengine wamekimbilia Kaya Godoma huko Ganze kujiokoa. Siwezi kwenda kuvaa kofia nikapiga picha. Mamangu alivyosikia akasema, "Kama ni wa kuombewa waombeeni, lakini msiende kucheza juu yao," na mie niko na yeye.

Ingawa Salem nayo ina haki yake kwetu, lazima niseme. Balozi mdogo wa kwanza wa Marekani pale Unguja, 1837, alikuwa mfanyabiashara wa Salem, Richard Waters, miaka minne baada ya Seyyid Said kuweka mkataba na Marekani. Merikebu zao zilikuja kuchukua pembe za ndovu, ngozi na sandarusi, zikituletea kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa ambacho mpaka leo twakiita marekani. Bibi yangu alikuwa nacho sandukuni, kizito, kina rangi ya maziwa yaliyochacha, ukikikunja chatoa mlio kama karatasi. Jina la nchi nzima tumelivisha nguo! Na lile jumba la makumbusho la Peabody Essex lilianza na chama cha manahodha wa Salem, 1799, walioleta vitu kutoka pande zetu hizi za bahari. Hilo nalitaka kweli.

Lakini Deep River jamani. Kimji kidogo kando ya mto Connecticut, watu hawafiki hata 5,000, na jirani yake kuna kijiji kinaitwa Ivoryton, yaani mji wa pembe, na si jina la mapambo. Pembe nyingi zilizoingia Marekani zilikuwa zinaishia hapo, kwenye viwanda vya vibao vya piano, na nyingi zilitoka pwani yetu hii, zimebebwa mabegani kutoka bara mpaka ufukweni na wapagazi, baadhi yao watumwa. Walikuwa wanazikata vipande vyembamba kama ukucha, halafu wanazianika juani kwenye vibanda vya vioo wiki nyingi mpaka ziwe nyeupe pe. Na kinachoniuma, mmoja wa wenye viwanda hivyo, George Read, alikuwa mtu anayepinga utumwa, alimficha mtumwa aliyekuwa ametoroka, na pembe zikaendelea kuingia tu.

Skuli niliyosoma ilikuwa na piano kuukuu ukumbini, vibao vimegeuka manjano, na ukisogeza jicho kila kimoja kilikuwa na mstari mwembamba kama unywele pale vipande viwili vilipounganishwa. Sikujua ule ndo mmoja wa alama za pembe ya kweli. Nimeishi miaka yote nikipita chini ya yale mapembe ya Moi Avenue, ambayo ni bati tu, aluminiamu, na zile za kweli niliziwekea vidole juu bila kujua.

Watoto nao hawatachoka, maana pale Essex, mji jirani wa Deep River, kuna treni ya mvuke inayokwenda mpaka Deep River, halafu unapanda boti mtoni unaona lile jumba kama ngome alilojijengea William Gillette, mwigizaji wa Sherlock Holmes, na mwezi wa kumi miti yote ya kando imegeuka nyekundu na machungwa. Kutoka Boston kwa gari ni kama saa mbili.

Jana usiku akanitumia voisi, "Haya dada, umeshinda, nabuku Essex." Salem atanipeleka mchana mmoja akitoka shifti, makumbusho na gati, basi. Sasa kilichobaki ni koti, mto ule jioni una baridi, na Jumamosi alfajiri ntakuwa sokoni Kongowea kabla hawajafungua mabelo ya mitumba.