Siku mafunzo yalipohamia leba

Mkufunzi aliyekuja kutoka Mtwara mjini aliukataa ukumbi tuliomwandalia. Viti vilikuwa vimeshapangwa, maji ya chupa yapo mezani, karatasi kubwa zimebandikwa ukutani. Alishukuru, akauliza leba iko wapi, akaelekea huko na begi lake. Ilikuwa 2017, wakati wa minada ya korosho, kwenye kituo kimoja cha afya juu ya uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Mada ilikuwa mtoto anayezaliwa bila kupumua. Wengi wetu tulikuwa tumeshaisomea kwenye semina, na vyeti tunavyo.

Ndani ya begi mlikuwa na mdoli wa kufundishia, NeoNatalie, ambao hujazwa maji ya uvuguvugu ukapata uzito na ulegevu wa mtoto mchanga. Mapigo ya kitovu mkufunzi huyaendesha kwa kubonyeza kipira, na kifua hupanda pale tu hewa inapoingia sawasawa. Mkunga wa zamu hakuambiwa ajiandae. Mimi nilipewa saa na kalamu. Mkufunzi akaulaza mdoli kwenye kitanda cha kujifungulia, akasema, "Sista, mtoto ametoka, halii," kisha akanyamaza.

Kumkausha kulianza papo hapo. Kitambaa kilikuwa kimoja, kwa hiyo mtoto akabaki amefunikwa kile kile kilicholowa. Sekunde ya 40 mkunga aliita ambu begi, lile linalominywa kwa mkono kumpulizia mtoto hewa kupitia barakoa. Ilikuwa kabatini stoo, na ufunguo alikuwa nao mkuu wa wodi, ambaye saa ile alikuwa kliniki ya watoto. Ilipoletwa, barakoa iliyochomekwa ilikuwa namba 0, ya njiti, wakati mtoto wetu tuliambiwa ana kilo 3. Pumzi ya kwanza iliingia dakika ya 2 na sekunde 50. Hakuna aliyezembea. Mkunga yule angeulizwa hatua hizo kwenye karatasi angezijibu zote, na mkufunzi alimwambia hivyo mbele yetu.

Wakunga huiita dakika ya kwanza dakika ya dhahabu, na sababu yake ni ya mwili wenyewe. Mapafu ya mtoto anayetoka tumboni yamejaa majimaji. Pumzi za kwanza ndizo huyasukuma yatoke kwenye vifuko vya hewa. Zisipokuja, oksijeni katika damu hushuka, moyo hupunguza mwendo, misuli hulegea. Kati ya watoto 100, kama 10 huhitaji kusaidiwa kwa namna fulani, na wengi wa hao huanza kupumua kwa kukaushwa vizuri na kusuguliwa mgongo mara mbili tatu. Watatu hadi sita ndio wanaohitaji kupuliziwa hewa kwa begi na barakoa. Kumpiga mtoto makofi, kumning'iniza kichwa chini au kumnyunyizia maji baridi huumiza na hula muda. Hata kumnyonya ute kusikohitajika kuna hatari, kwa sababu mpira ukigusa nyuma ya koo moyo unaweza kupunguza mapigo. Ute unatolewa ukionekana umeziba, mdomoni kwanza, kisha puani.

Baada ya jaribio lile la kwanza mkufunzi alitueleza habari za hospitali ya Haydom, kule Manyara, na mimi naziona ndizo zilizokuwa kiini cha siku yote. Mwaka 2010 wahudumu wa hospitali ile walipewa mafunzo ya siku moja. Walipopimwa miezi kadhaa baadaye kwa mdoli, walikuwa wameimarika. Ila walipotazamwa leba, kwa watoto wenyewe, utendaji haukuwa umebadilika. Kuanzia 2011 utaratibu ukageuzwa: mazoezi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, hapo hapo kazini, na marudio ya dakika 40 kila mwezi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Mdoli ni ule ule, somo ni lile lile. Kilichobadilika ni mahali pa kufundishia na marudio. Tangu nisikie takwimu hizo sina imani na mafunzo yanayomwondoa mkunga kituoni siku tano, yakamrudisha na cheti kwenye leba yenye kabati lile lile lililofungwa. Posho ninaielewa, watu wana watoto wa kusomesha. Lakini anayepanga mafunzo lazima aulize mikono itarudia lini kazi hiyo.

Basi tukaanza na begi lenyewe. Kabla ya kila uzazi inapimwa: unafunga barakoa kwa kiganja, unaminya. Unapaswa kusikia ukinzani, na ukiminya kwa nguvu zaidi vali ya usalama ifunguke na hewa itoke kwa sauti. Ukiachia, begi lijae tena mara moja. Ukiminya na hakuna ukinzani wowote, mara nyingi vali ndogo laini iliyo kati ya begi na barakoa imekunjwa, imepachikwa kinyume au haipo kabisa. Hutokea baada ya kuosha. Vipande huoshwa kwa sabuni, huchemshwa dakika 10 kuanzia maji yanapotokota, hukaushwa, kisha huunganishwa upya. Hiyo hatua ya mwisho mara nyingi huachiwa mtu ambaye hajawahi kuonyeshwa. Kule juu uwandani, ambako maji ya ndoo hununuliwa, kulikuwa na kishawishi cha kufuta begi kwa spiriti na kulirudisha. Mkufunzi hakukubali. Aliomba sufuria moja ya leba peke yake na ndoo moja ya akiba isiyotumika kwa kazi nyingine.

Tukaingia kwenye barakoa, na hapo ndipo asubuhi yote ilipoishia. Barakoa sahihi hufunika ncha ya kidevu, mdomo na pua, bila kugusa macho. Namba 1 ni ya mtoto aliyetimiza miezi. Kidole gumba na cha shahada huizunguka juu kama herufi C. Vidole vitatu hushika mfupa wa taya na kulivuta juu kuelekea barakoa. Wengi wetu tulikuwa tunafanya kinyume, tunaikandamiza barakoa chini, na vidole vinazama kwenye nyama laini chini ya kidevu na kuziba njia ya hewa. Kichwa kikikunjwa mbele njia hujifunga, kikipindwa nyuma mno nayo hujifunga. Kinatakiwa kikae kama cha mtu anayenusa kitu, na kitambaa kilichokunjwa chini ya mabega husaidia.

Kiasi cha hewa ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Mtoto wa kilo 3 anahitaji kama mililita 15 hadi 24 kwa pumzi moja, wakati begi la watoto wachanga lina zaidi ya mililita 200. Kifua kisipopanda, kwa kawaida tatizo ni hewa inayovuja pembeni, kwa hiyo kuminya kwa ngumi nzima si jibu la kwanza. Utaratibu wa kusahihisha tuliurudia mpaka ukaingia mikononi: weka barakoa upya, rekebisha kichwa, tazama ute, fungua mdomo kidogo, ndipo uminye kwa nguvu zaidi. Kasi ni pumzi 40 kwa dakika. Tulihesabu kwa sauti, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, tukiminya kwenye moja na kuachia kwenye mbili na tatu. Mtu mwenye hofu huhesabu haraka, na begi likikosa muda wa kuachia mtoto hapati nafasi ya kutoa hewa.

Mchana likaja swali la usiku. Zamu ya usiku mkunga huwa peke yake, nani atamsaidia? Mkufunzi akamwita mama anayefanya usafi, ambaye alikuwa mlangoni akitazama. "Mama, wewe kazi yako ni saa na simu. Kila nusu dakika unatuambia muda kwa sauti, na ukiambiwa piga, unampigia tabibu." Akaifanya vizuri kuliko nilivyoifanya mimi asubuhi. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi uliokuwa na akili kuliko yote siku ile, kwa sababu mkunga aliyeshika barakoa kwa mkono mmoja na begi kwa mwingine hana mkono wa tatu wa kushika simu.

Kabla jua halijatua meza ndogo ilihamishiwa hatua mbili kutoka kitanda cha kujifungulia. Juu yake: begi, barakoa namba 1 na 0, kipira cha kutolea ute, mkasi na vibanio vya kitovu, kofia, vitambaa viwili vikavu, kimoja cha kukaushia na kimoja cha kufunikia kile cha kwanza kikishatolewa. Saa ya ukutani ikapigiliwa mahali inapoonekana ukiwa umeinama. Feni ilizimwa, madirisha ya upande wa upepo yakafungwa, kwa kuwa chumba hakitakiwi kushuka chini ya nyuzi 25. Kufuli likaondolewa. Wasiwasi wa mkuu wa wodi kwamba vifaa vitapotea ulikuwa wa haki, na ukajibiwa kwa kuviandika kwenye daftari la makabidhiano ya zamu: anayeingia anapima begi mbele ya anayetoka, wote wawili wanasaini.

Jioni tukarudia jaribio, mkunga yule yule, mdoli ule ule. Pumzi ya kwanza iliingia sekunde ya 52.

Mdoli ulibaki kwetu kwa mkopo. Jumatatu asubuhi, baada ya makabidhiano, mtu mmoja alichaguliwa na wenzake wakatazama. Dakika tano, basi, hakuna chai wala posho. Kazi ngumu zaidi ilikuwa kwenye kitabu cha MTUHA namba 12, rejista ya leba ambamo kila uzazi huandikwa. Mtoto aliyetoka amelegea, mweupe, bila pumzi, ni rahisi kuandikwa kuwa amezaliwa mfu wakati moyo wake bado unapiga taratibu. Tukakubaliana kwamba neno hilo haliandikwi mpaka kitovu kiwe kimeshikwa na moyo umesikilizwa kwa stetoskopu, na begi liwe limetumika; na pembeni ziandikwe dakika ya pumzi ya kwanza na jina la aliyeshika barakoa.