Kilichobaki Juu ya Chekeche

Leo nimechekecha mboji tangu kulipopambazuka hadi jua lilipoanza kuchoma mgongo, na viganja vyangu bado vina ile harufu ya ardhi iliyonyeshewa. Rundo hili nililianzisha miezi minane iliyopita likiwa limenifika kifuani. Sasa lilikuwa halifiki hata magotini.

Chekeche langu ni fremu ya mbao inayokaa juu ya toroli, iliyopigiliwa wavu wa waya wenye matundu ya milimita 12. Ninalo lingine dogo la milimita 6, ambalo hulitumia kwa udongo wa kusia mbegu peke yake. Hulisukuma mbele na nyuma taratibu bila kuikandamiza mboji kwa kiganja, kwa sababu ukiikandamiza unapitisha kwa nguvu hata vijiti ambavyo ungetaka vibaki juu, na waya hulegea mapema.

Hali ya unyevu ndiyo iliyonisumbua zaidi nilipokuwa ninaanza. Nilichekecha mboji iliyolowa, nayo ikajiviringa kuwa vidonge na kuziba matundu yote. Siku hizi hutwaa konzi moja na kuiminya: nataka ishikamane bila kudondosha maji, kisha imeguke nikiigusa kwa kidole. Ikikauka kupita kiasi nayo hutimua vumbi, na vumbi la mboji si la kupuuzwa, kwani huweza kubeba bakteria aina ya Legionella longbeachae wanaosababisha nimonia. Kwa hiyo huinyunyizia maji kidogo kwanza, hufunika pua na mdomo, na husimama upande upepo unakotokea.

Hata hivyo, kinachonivutia kuliko hiyo mboji laini inayojaa kwenye toroli ni makapi yanayobaki juu ya wavu, kwa maana humo nayasoma makosa yangu ya miezi minane. Leo nimekuta vijiti vingi vizima, jambo lisilonishangaza, kwani lignini, ile sehemu inayoupa mti ugumu, huoza polepole na kazi hiyo hufanywa zaidi na kuvu. Ningevikata vifupi vingewahi. Nimekuta pia mabonge ya majani yaliyogandamana, meusi na yenye uvundo, nikakumbuka siku niliyomwaga nyasi mbichi zote kwa pamoja pasipo kuzichanganya na majani makavu, zikajifunga zenyewe na kukosa hewa. Nyungunyungu niliwaokota kwa mkono mmoja mmoja kabla waya haujawakata. Makapi mengine yote, isipokuwa vijiti virefu, nimeyarudisha kwenye rundo jipya, kwa sababu tayari yana kuvu na bakteria wa kuanzishia kazi, na ugumu wake huacha nafasi za hewa.

Kuna kosa moja ambalo bado linaniuma. Msimu wangu wa kwanza nilichekecha udongo wa tuta zima, nikauona umekuwa kama unga, nikafurahi mno. Mvua moja kubwa ikanyesha, juu pakafanya gamba gumu, na karoti nilizozisia hazikuweza kulipasua ila chache za pembeni. Nilichokuwa nimekivunja kwa siku mbili za jasho ni zile chembechembe zilizounganishwa na mizizi, nyuzi za kuvu na ute wa nyungunyungu, ambazo ndizo huacha vinjia vya maji na hewa ardhini. Tangu hapo sichekechi udongo wa tuta. Huokota mawe makubwa na mizizi ya magugu, kisha hutandaza mboji juu, na mara nyingi hata mboji hiyo huwa haijachekechwa. Ulaini nauweka kwa ajili ya mbegu ndogo, ambazo zikifunikwa na bonge hushindwa kulisukuma.

Jioni hii nimejaza trei mbili kwa mchanganyiko wa mboji na udongo uliopita kwenye wavu wa milimita 6, nikasia letusi. Kwa kuwa aina nyingi za letusi huota vizuri zaidi zikipata mwanga, nimelishika chekeche dogo juu ya trei na kuligonga ubavuni kwa vidole, hadi mbegu zikafunikwa na utando wa milimita 2 hivi. Vile vijiti virefu nimevitenga kando ya rundo pamoja na mkasi wa kupogolea, nivikatekate kesho.