Nilivyopima makombo ya bufe Nairobi hadi utafiti wangu ukafanya kazi jikoni

Wanafunzi wenzangu wa usimamizi wa hoteli na utalii wakisikia nilichoandikia tasnifu ya uzamili, huniuliza kwanza niliingiaje jikoni. Swali hilo nalielewa. Hoteli nyingi za jijini humpokea mtafiti pale mapokezini, zikachukua hojaji zake na kumwambia arudi wiki ijayo. Mimi nilifika mpaka kwenye ndoo za makombo na nikakaa nazo msimu mzima wa warsha. Naeleza nilivyofanya kwa sababu hoteli zetu zinahitaji sana utafiti wa vyuo vyetu, na mwingi wake unaishia kwenye rafu za maktaba.

Mada yangu ilikuwa chakula kinachotupwa baada ya bufe. Nairobi ni mji wa mikutano. Ukipita Upper Hill au Westlands siku ya kazi saa saba mchana, utakuta kumbi zimejaa watu wenye vitambulisho shingoni, wamepanga foleni ya wali, kuku na matoke. Hapa hapa Gigiri ndipo yalipo makao ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lililokadiria katika ripoti yake ya mwaka wa 2024 kwamba dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula mwaka 2022, na asilimia 28 ya hizo zilitoka kwa mikahawa, hoteli na wengine wanaouza chakula kilichopikwa. Nilitaka kujua sehemu yetu inatokea wapi hasa: jikoni, mezani au kwenye sahani ya mgeni.

Utafiti ulionisukuma ulifanyika Norway na kuchapishwa mwaka 2013. Hoteli zilipunguza ukubwa wa sahani, au zikaweka kibango cha kuwaambia wageni wanakaribishwa kurudi kuchukua tena na tena. Kila moja ya mbinu hizo ilipunguza makombo kwa karibu asilimia 20, na wageni hawakuonyesha kuchukizwa. Niliupenda kwa sababu dawa yenyewe ilikuwa rahisi, na kwa sababu waliotafiti walipima. Mameneja wengi, ukiwauliza kwenye hojaji kama hoteli yao hutupa chakula kingi, watatia alama kwenye "sikubali kabisa" na wataamini walichojibu. Mizani haina adabu ya namna hiyo.

Karatasi za kisheria hazikunisumbua. Barua ya kamati ya maadili ya chuo, kisha kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, ambacho huombwa mtandaoni na hakikwepeki kwa mtu anayetaka kufanya utafiti nchini. Kazi ilikuwa kupata hoteli. Badala ya kupitia ofisi ya wafanyakazi, nilimtafuta mhasibu wa gharama za chakula. Huyu ndiye hukaa na shefu kila mwisho wa mwezi kuulizana kwa nini nyama iliyonunuliwa hailingani na sahani zilizouzwa. Nilimwandikia ukurasa mmoja tu. Sikugusia nadharia wala malengo mahususi. Nilisema nitampa uzito wa kila kilichotupwa, kwa kila mlo, bila malipo, na jina la hoteli halitatajwa popote. Alinipigia simu mwenyewe.

Ruhusa ya ofisini ni jambo moja na ya jikoni ni jingine. Watu wa kuosha vyombo walipoona mizani, walinyamaza. Mama mmoja wa makamo, aliyeheshimiwa na wote pale, aliniuliza mbele ya wenzake, "Binti yangu, hiyo mizani itaandika jina la nani?" Nilimpa fomu aisome: tarehe, mlo, ukumbi, aina ya ndoo, kilo. Hakukuwa na nafasi ya jina wala shifti. Nikamweleza kwamba sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inanibana mimi pia, na kwamba mhasibu atapata jumla ya mlo mzima. Kisha nikavaa aproni na gambuti, nikasimama naye kwenye sinki kukwangua sahani. Nadhani gambuti ndizo zilizomaliza mazungumzo.

Tuliweka ndoo za aina tatu. Ya kwanza ilikuwa ya matayarisho: maganda ya viazi, mashina ya sukuma wiki, mifupa. Ya pili ilipokea chakula kilichotoka mezani bila kuguswa, na ya tatu mabaki ya sahani. Kila ndoo ilipimwa tupu kwanza na uzito wake ukaandikwa ubavuni kwa kalamu nzito. Mama yule ndiye aliyesema maganda ya tikiti maji yasichanganywe na wali uliobaki sahanini, maana ganda halingeliwa hata mgeni angekuwa na njaa kiasi gani. Alikuwa sahihi kabisa. Watafiti hutenganisha kinacholika na kisicholika, na yeye alifikia hapo kwa kuosha sahani. Tukaongeza ndoo.

Matokeo yalinipeleka mbali na Norway. Katika hoteli ile, sahani za wageni hazikuwa tatizo kubwa. Ndoo nzito ilikuwa ya chakula kisichoguswa. Mwandaaji wa warsha huagiza chakula cha watu wengi kuliko watakaofika, na shefu naye huendelea kujaza vyombo mpaka dakika ya mwisho, kwa sababu bufe inayoonekana kuisha ni aibu kwa hoteli. Kupunguza sahani kusingegusa hilo. Kwa hiyo nilipendekeza mambo mawili. Wahudumu wahesabu vichwa wakati wa chai ya saa nne, na hesabu hiyo ifike jikoni kabla wali haujawekwa motoni. Halafu nusu saa ya mwisho ya chakula cha mchana, vyombo vikubwa vibadilishwe na vidogo, ili vionekane vimejaa.

Tasnifu niliiandika kama chuo kinavyotaka, na nadharia nikaipa sura yake kamili, maana bila hiyo mtafiti mwingine hawezi kujenga juu ya kazi yangu. Kwa hoteli niliandaa karatasi moja yenye kilo na shilingi, nikaisoma kwenye kikao cha kabla ya shifti, waosha vyombo wakiwepo. Shefu aliichukua akasema, "Haya nimeyasema miaka yote, sasa nina karatasi ya kuonyesha." Hesabu ya saa nne ilianza wiki hiyo hiyo. Vyombo vidogo vilichelewa, kwani vilipaswa kununuliwa.

Kilichobaki ni kile chakula kisichoguswa ambacho hata hesabu nzuri haiwezi kukimaliza. Mara nyingi huchukuliwa na wafugaji wa nguruwe, na inaniuma kuona kuku mzima mzima akienda huko katika jiji lenye watoto wanaolala njaa. Ila chakula kilichokaa mezani kwa saa kadhaa kinaweza kumdhuru mlaji, na hoteli ina haki ya kuogopa lawama. Ndiyo maana pendekezo langu la uzamivu linahusu joto: chakula kinatoka mezani kikiwa na nyuzi ngapi, kinapoa kwa kasi gani, na kipi kinaweza kufika kwenye makao ya watoto kikiwa salama. Mhasibu ameshakubali. Mama wa sinki ameniuliza kama safari hii kipimajoto atakishika yeye, na nimemwambia ndiyo.