Fremu ya bei nafuu kwa nakshi za matundu

Ukigandisha nakshi ya matundu, yaani mchoro uliotobolewa kwenye mbao nyembamba, moja kwa moja kwenye ubao wa nyuma, umeua kivuli chake, na hata mkato safi kabisa wa msumeno wa skroli (ule wa wembe mwembamba wa kukatia michoro) utaonekana bapa. Iinue milimita 6 tu na kila tundu linapata kina. Milimita hizo hazigharimu kitu: okota vipande vilivyodondoka ulipokuwa ukikata plaiwudi ya milimita 3, vigundishe viwili viwili, uvipange nyuma ya sehemu pana za nakshi. Viweke ndani ya ukingo kwa milimita 5 hivi, visichungulie kwa pembeni.

Pesa nyingi huliwa na kioo na mbao za fremu, kwa hiyo tafuta fremu kwanza ndipo uchague ukubwa wa mchoro. Fremu za vyeti za A4 ni rahisi kupata, iwe Nakuru, Kisumu au Kakamega, na kioo kinakuja humo humo. Nafasi yake ni milimita 210 kwa 297. Nakshi isizidi 170 kwa 257, ili ibaki na sentimita 2 za kupumua kila upande. Kasoro yake ni kina, maana imetengenezewa karatasi. Zungushia mgongoni vijiti vya kimo cha milimita 12, vikikanyaga kioo kidogo ukingoni kisicheze, kisha ubao wa nyuma ukae juu ya vijiti. Gundi nyeupe haishiki plastiki wala vanishi: kwangua kwa msasa na utumie epoksi, la sivyo vijiti vitabanduka siku utakapoitundika.

Kama nakshi ni kubwa, tengeneza fremu yako bila kukata pembe hata moja ya nyuzi 45. Mikato ya pembe ndiyo inayowashinda wengi. Upande mmoja ukizidi mwenzake kwa milimita moja, kona inaachama. Sisi tunapendelea tabaka mbili zinazopishana. Tuseme nakshi ni milimita 200 kwa 300 na ubao wa nyuma ni 260 kwa 360. Tabaka la mbele ni mbao za upana wa milimita 40, unene 10: mbili za urefu wa 422 zisimame, na mbili za 242 zilale katikati yake. Tabaka la nyuma ni za upana wa 30, unene 20, na hapa unageuza mpango: mbili za 322 zilale mwisho hadi mwisho, mbili za 362 zisimame katikati yake. Kila kona mbao moja inaikanyaga nyingine, gundi inapata eneo kubwa, na msumari hauhitajiki. Ndani unabaki mdomo wa milimita 10 unaoshikilia kioo. Futi 5 kwa kila tabaka zinatosha.

Kabla gundi haijakauka, pima kutoka kona hadi kona. Vipimo vyote viwili vifanane, takriban milimita 531. Visipofanana, sukuma kwa ndani kona mbili zenye kipimo kirefu. Kubana, zungushia tyubu kuukuu ya baiskeli iliyokatwa utepe, uache hadi kesho yake.

Mbao zenyewe ziombe kwa mafundi wa fanicha, kwa mfano pale soko la Kibuye, Kisumu; vipande vifupi vya saiprasi mara nyingi huishia kuwa kuni. Hakikisha vimekauka. Saiprasi mbichi hujipinda ikikauka, na fremu iliyokaa sawa leo itakuwa na kona wazi mwezi ujao. Vihifadhi ndani ya nyumba wiki kadhaa, vikiwa vimeinuliwa kutoka sakafuni.

Mpangilio kutoka mbele: kioo cha milimita 3 (260 kwa 360), vijiti vya 10 kwa 10 vilivyofichwa nyuma ya mdomo, kisha ubao wa nyuma wa milimita 3 wenye nakshi juu yake. Nakshi ya milimita 3 na vinyanyulio vyake, vile vipande vya milimita 6, ni milimita 9, kwa hiyo haitagusa kioo.

Ubao wa nyuma upake rangi ya ubao wa darasani. Ni nyeusi isiyong'aa, na nakshi ya mbao nyeupe inajitokeza vizuri sana juu yake. Rangi inayong'aa inarudisha mwanga na kufuta kivuli. Kitenge kizuri namna gani, usikiweke hapo. Maua yake yatapigana na mchoro. Kwa mvule au mahogani, tumia rangi ya maziwa.

Nakshi ya mbao halisi, si plaiwudi, isigandishwe kila mahali. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana wake. Kazi iliyokatwa penye unyevu ikihamia penye hewa kavu itasinyaa, na ikiwa imebanwa pande zote itapasuka kwenye shingo nyembamba. Gandisha katikati tu, kwa vinyanyulio viwili au vitatu vilivyo kwenye mstari mmoja unaofuata nyuzi za mbao.

Vanishi ipakwe kabla ya kugandisha, na kwa kupuliza. Brashi huziba matundu madogo na kuacha matone yanayoganda. Kwanza toa nyuzinyuzi za upande wa nyuma kwa msasa namba 220, ukisugua taratibu.

Kioo cha 260 kwa 360 peke yake kina takriban gramu 700, basi tumia msumari wa saruji na waya uliofungwa theluthi moja kutoka juu ya fremu. Kona za chini gandisha vipande vya patipati kuukuu, hewa ipite nyuma na unyevu wa ukuta usiguse ubao. Chagua ukuta ulio ubavuni mwa dirisha. Ule unaolitazama dirisha hupata mwanga wa mbele, na kioo kitaonyesha barabara badala ya nakshi.